Mpini wa Papa Mulenga

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ni ya kiangazi, baridi ya mwezi wa sita ikiwa bado imelala juu ya mabati ya Likasi. Mwanamke mmoja aliingia uwanjani kwetu na shoka lililofungwa ndani ya kitenge, amelipakata kifuani kama mtoto aliyesinzia. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Leo mjukuu wangu wa kwanza ana ndevu, lakini kitenge kile bado nakiona: cha kijani, kimefifia kwenye pindo.

Kabla sijakuambia mwanamke huyo alikuwa nani, nikuambie kwanza sisi tulikuwa nani, maana hadithi bila mlango watu huingilia dirishani. Baba yangu, ambaye watu wa mtaa wetu wa Kikula walimwita Papa Ilunga, alifanya kazi ya mbao chini ya mgodi kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kukata na kusimamisha nguzo zinazozuia mwamba usiwaangukie wenzake. Kifua kilipomchoka wakamrudisha juu, na alichotoka nacho huko chini ni ujuzi wa shoka. Akaanza kutafuta mashoka makuukuu sokoni, yale yanayotandazwa juu ya magunia pamoja na nati na taa mbovu za mgodi, akayaleta nyumbani na kuyarudishia uhai.

Alinifundisha mimi kazi hiyo, kwa sababu kaka zangu wawili walipenda mpira kuliko tupa. Watu walicheka kumwona msichana amekaa juu ya gogo na shoka mapajani. Niliwajibu kwamba kuni haziulizi shoka limenolewa na nani. Nilikuwa na mdomo siku zile, na sidhani kama umepungua.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Tukifika sokoni Baba aligonga shoka kwa msumari na kusikiliza. Likilia wazi, chuma ni kizima. Likitoa sauti nzito kama sufuria iliyopasuka, tunaliacha palepale. Nyumbani tunaliloweka kwenye mafuta ya taa kutwa nzima, tunalisugua kutu kwa mchanga na kipande cha tofali, tunang'oa mpini uliooza na kuutupa, tunatia mpini mpya wa mti wa mubanga uliokauka darini msimu mzima wa mvua. Kisha tupa, kisha jiwe na maji, polepole, mpaka makali yakate jani la mhindi bila kulikunja. Moto hatukuutumia. Baba alisema moto ukikaribia makali unayaibia ugumu, na shoka lisilo na ugumu ni pambo tu.

Na kulikuwa na neno moja alilolirudia kila nilipochukua shoka jipya mikononi. Alikuwa akisema: "Ngoie, shoka ya soko na shoka ya muntu haiko kintu moja. Mbele ya kushika tupa, uliza kwanza: hii iko ya nani?"

Nililisikia neno hilo mara nyingi hata likawa kama kengele ya kanisa kwa mtu anayekaa jirani na kanisa. Inalia, naye anaendelea kumenya mihogo.

Sasa yule mwanamke. Alikuwa Mama Mulenga, mjane wa Papa Mulenga wa mtaa wa Panda. Papa Mulenga alikuwa rafiki wa baba yangu, mtu mrefu, mpole, mwenye kutumia mkono wa kushoto. Walimchapa sana utotoni ili auache, wakashindwa. Kila penye msiba yeye ndiye aliyepasua kuni za matanga, bila kuitwa. Ungeamka kwa jirani aliyefiwa ukamkuta kashaanza, shoka linapanda na kushuka kwa upande ambao si wa watu wengine. Alipokufa yeye mwenyewe, vijana wanne walipasua kuni zake, na hawakumfikia.

Ulikuwa umepita mwaka. Kwao, kama kwa wengi wa huku kwetu, mtu akifa vyombo vyake vya kazi havitumiwi mpaka matanga yamalizwe. Siku hiyo ukoo unakusanyika, inasomwa misa, na mpwa wa marehemu anarithishwa jina na chombo, yaani anapyana. Chombo cha Papa Mulenga kilikuwa shoka lake. Lilikuwa limening'inia ukutani mwaka mzima, halijakata hata kijiti, na lilikuwa limeshika kutu.

"Ngoie mutoto yangu, papa iko?" aliniuliza.

"Hayuko, Mama. Alienda Mulungwishi kuona yaya, dada yangu mukubwa. Atarudia siku ya tano."

Akanikabidhi kile kitenge. "Bon. Siku ya posho njo tunamaliza matanga. Muipwa ya bwana yangu anatoka Kakanda, njo yeye atapyana. Shoka haiwezi kuingia mu mikono yake na kutu. Unole tu. Ni kunoa tu, mutoto yangu."

"Usiogope, Mama," nikamwambia. "Utapata kintu mupya!"

Akanitazama. "Yenyewe tu, Ngoie. Yenyewe."

Ilikuwa Jumanne. Siku ya tano kwetu ni Ijumaa, na siku ya posho ni Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kutosha, na Baba hayupo. Unajua kijana anavyokuwa anapoachiwa nyumba. Nililifungua lile shoka nikalicheka. Kichwa kilikuwa kizuri, cha zamani, kilichowahi kuwa cha mgodi. Lakini mpini! Ulikuwa umepinda kidogo, mweusi kwa jasho, umebonyea mahali pa kidole gumba, na karibu na kichwa ulikuwa na ufa ambao Papa Mulenga aliuzungushia waya wa kawaida. Waya, mwanangu, kwenye shoka ambalo ukoo mzima utalitazama! Niliona aibu kana kwamba niliufunga mimi. Nikajiambia kwamba nitamfanyia Mama Mulenga jambo ambalo hatalisahau. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikuwa mgonjwa wa kipya.

Nikachukua msumeno nikaukata ule mpini chini ya kichwa. Nilikuwa nimeinjika maharage kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na makaa yalikuwa yanazimika, basi nikaukatakata nikautia humo. Uliwaka vizuri sana. Mti uliokunywa jasho la mtu miaka ishirini huwaka vizuri. Kisigino cha mpini kilibaki kimebana ndani ya tundu la shoka, na kukitoa kwa patasi kungenichukua nusu siku. Nikaliweka shoka lenyewe juu ya makaa ili kile kisigino kiungue kitoke. Ni dakika chache tu, nikasema. Kisha nikaenda bombani, nikamkuta rafiki yangu, na wewe unajua maongezi ya bombani.

Niliporudi maharage yalikuwa yameungua na makali ya shoka yalikuwa yamegeuka rangi ya buluu. Nikajua nimefanya nini. Nilipopitisha tupa ili kuondoa ile rangi, tupa iliingia kwenye chuma kwa urahisi kama kisu kinavyoingia kwenye muhogo. Shoka zuri halikubali tupa hivyo. Lakini lilipong'aa, nikajitia upofu. Nikasema, nani atajua? Ni la kurithisha, halitakata mti kesho.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nachonga mpini mpya, ulionyooka, wa kupendeza, wakati Mama Mulenga alipopita nje ya ua akitoka misa. Hakuingia. Alisimama tu kwenye kijilango akaniita.

"Ngoie, nilisahau kukuambia. Ile waya, uiache. Alifungaka yeye mwenyewe, mbele ya kulala mu kitanda ya mwisho. Njo kazi ya mwisho ya mikono yake."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Na kipini, nilikuwaka nakishika kila asubuhi. Mahali kidole yake ilikuwaka inaingia, natiaka kidole yangu." Akacheka kidogo kwa haya, mwanamke mtu mzima. "Usiniseke."

Akaenda zake. Mimi nikabaki na patasi mkononi. Hapo ndipo nilipopaswa kumkimbilia. Kutoka gogo langu mpaka kijilangoni ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikuzipiga. Badala yake nikaenda kwenye rundo la mipini mikuukuu nyuma ya nyumba, nikatafuta mmoja uliokaribia ule kwa urefu na upindo, nikaupaka mawese na masizi, nikausugua kwa ngozi, nikaupaka tena. Nikauchongea kibonyeo cha kidole gumba. Nikauzungushia waya mwingine na kuuchafua kwa majivu. Nakuambia ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama siku ile nilipofanya uongo.

Ijumaa mchana Mama Mulenga akaja. Akalipokea shoka kwa mikono miwili, akalitazama lilivyong'aa, akanishukuru. Kisha akashika mpini kwa mkono wa kulia, akauhamishia wa kushoto, akatafuta kile kibonyeo kwa kidole chake. Akakipata. Akakitoa kidole, akakirudisha. Sura yake ikabadilika.

"Ngoie. Hii njo kipini yake?"

Mwanangu, mlango ulikuwa umefunguka tena mbele yangu. Nikaufunga.

"Njo yenyewe, Mama. Nilipakala tu mafuta."

Hakunibishia. Ingekuwa nafuu angenibishia, angenitukana, angenivuta sikio. Alisimama pale akiushika na kuuachia, akiushika na kuuachia, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe: "Mwaka moja tu. Mwaka moja, na nimeshasahau mukono ya bwana yangu."

Machozi yakamtoka bila sauti. Akalifunga shoka ndani ya kile kitenge cha kijani, akaniambia aksanti mara ya pili, akaenda. Ile aksanti ya pili ndiyo iliyonichoma.

Baba alirudi alasiri ile na begi lake na mkungu wa ndizi aliopewa na dada yangu. Alikunywa maji, akauliza habari za nyumba, nikasema ni nzuri. Akaketi karibu na mbabula kuota moto, akachokoa majivu kwa kijiti kama ilivyokuwa desturi yake, na kijiti kikaleta kitu. Kilikuwa kipande cha waya kilichosokotwa, kimegeuka cheusi lakini kizima, mizunguko yake imeshikana kama ilivyokuwa kwenye mpini. Sikuwa nimekikumbuka kabisa. Baba alikipangusa kwenye suruali, akakiweka karibu na macho, akakizungusha.

"Hii waya ilipindwa na mukono ya kushoto," akasema.

Nikashika ule mkungu wa ndizi nikajifanya naupeleka ndani.

"Mu Kikula yote na Panda yote, nilijuaka muntu moja tu mwenye kupinda waya hivi." Kisha akanitazama. "Shoka ya Mulenga ilifika hapa?"

Basi nikamweleza. Nilimweleza habari ya msumeno, ya maharage, ya rangi ya buluu, ya mawese na masizi. Nilipofika kwenye maneno ya Mama Mulenga, kwamba amesahau mkono wa mumewe, nilitazama majivu, si yeye. Nilitegemea Baba atapiga kelele, kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuitana mgodini. Hakupiga. Aliufumbata ule waya kwenye kiganja.

"Kipini uliunguza mara moja, ikakwisha," akasema. "Mais ule mama, uko namuunguza mpaka saa hii. Iko mu nyumba yake anajiuliza kama alipendaka bwana yake kweli. Unasikia, Ngoie? Ulimunyanganya kipini, kisha ukamunyanganya na ile alibaki nayo."

"Nitafanya nini, Baba?"

"Kesho asubui utaenda. Miye nitakufikisha ku mulango. Kinywa itakuwa yako."

"Mbele ya bantu yote?"

"Shoka wanaitoa mbele ya bantu yote. Bongo yako, ile kudanganya, nayo inaingia mu mikono ya muipwa mbele ya bantu yote. Donc, unasema mbele yao."

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilikuwa nimeyaficha siku chache tu na tayari nilikuwa sili. Nilipoamka niliona mikono yangu bado ina harufu ya mawese, na nikaisugua kwa mchanga mpaka ikauma.

Tulifika Panda jua likianza kupasha moto ukuta. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mabenchi yameazimwa kanisani, wanawake wanageuza bukari, ugali wa kwetu, kwenye masufuria makubwa. Mpwa wa marehemu, kijana aliyekuja kutoka Kakanda alikokuwa akifanya kazi, alikuwa amekaa kwenye mkeka na shati jeupe, miguu imenyooshwa kama desturi inavyotaka, anasubiri. Shoka lilikuwa mbele yake juu ya kitenge cha kijani. Mama Mulenga alikuwa kando, macho yamevimba. Baba alisalimia wakubwa, akasema binti yake ana neno, akarudi nyuma hatua tatu. Hatua tatu tu, lakini niliziona ni mbali sana.

Nikapiga magoti. Nikasema yote. Sikusema vizuri, nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau maharage nikayarudia. Mzee mmoja wa ukoo akainuka na fimbo yake akiuliza kwa hasira: "Vraiment? Mulituletea shoka ya soko tumupe mutoto wetu?" Watu wakaguna. Yule mpwa akaivuta miguu yake mbali na lile shoka. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso, naona udongo mwekundu tu na vidole vya miguu ya watu.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Mulenga. "Ngojeni. Ngoie, sema tena."

"Haiko kipini yake, Mama. Nilikudanganya."

"Sema tena."

"Haiko yake. Yake niliunguza."

"Sema tena, ule muzee pale asikie, ni kiziwi kidogo."

Nikasema mara ya tatu kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Na hapo, mwanangu, yule mwanamke akainuka. Akapiga makofi mara moja, akageukia watu, uso wake unacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Mulisikia? Mulisikia bote? Sijamusahau! Mukono yangu ilijua! Nilisema haiko yake, na haiko yake. Sijamusahau bwana yangu!"

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakapiga vigelegele, mwiko mkononi. Mama Mulenga akanijia, akaniinua kwa bega, akanipiga kofi moja la shavu, kofi la haki kabisa, nikaona nyota. Kisha akanikumbatia kichwa na kukibana kifuani, nikalia nikalowesha blauzi yake ya sikukuu. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Baba yangu ndiye aliyetusogelea, akafungua kiganja, akampa ule waya. Mama Mulenga aliugeuza mara moja tu. "Njo hii," akasema.

Wazee walishauriana wakaamua kurithisha kuahirishwe kwa wiki moja. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, basi kikaliwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hiyo si sababu ya kumwaga na bukari.

Wiki ile Baba alilitia shoka motoni tena, safari hii kwa kujua. Alilipasha mpaka likawa jekundu, akazamisha makali tu kwenye maji, akayasugua haraka na kunionyesha rangi zinavyotembea kwenye chuma: kwanza ya nyasi kavu, kisha kahawia. "Hapo," akasema, akalizima lote kabla buluu haijafika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndivyo alivyoniambia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu Ijumaa.

Mpini niliuchonga mimi, lakini si kwa kichwa changu. Mama Mulenga alikuja kila alasiri, akaketi kwenye gogo langu, akafumba macho na kunyoosha mkono wa kushoto. Nilimpa mti, akaupapasa. "Hapa ilikuwaka nyembamba kuliko hivi." Nikapunguza. "Hapa, inapinda kidogo, inaenda ku upande ya moyo." Nikapindisha. Kwa kidole gumba tulihangaika siku mbili nzima, kwa kuwa hakukubali upesi, na alikuwa na haki ya kutokubali. Siku ya nne alikitia kidole chake, hakukitoa, akaanza kunisimulia jinsi Papa Mulenga alivyomposa: alikuja kwao na kumpasulia mama yake kuni kwa mkono wa kushoto, na mama akasema huyu kijana kila kitu anakifanya kinyume, labda na mapenzi yake hayatachoka kama ya wengine. Alicheka mpaka akafuta macho. Mwishoni Baba akaurudisha ule waya mahali pake. Alijaribu kuukaza kwa mkono wa kushoto ili ufuate mkono wa mwenyewe, akajichoma mara tatu, akamlaani marehemu kwa upendo.

Yule mpwa alipopokea shoka wiki iliyofuata, alilishika kwa mkono wa kulia na likamkataa. Kibonyeo kilikuwa upande usio wake. Mama Mulenga akamwambia, "Itakukatala mwanzo. Uizoee, nayo itakuzoea."

Wamezoeana. Mpwa huyo sasa ni mzee kama mimi, anatembea kwa mkongojo, na kila mwaka kabla ya mvua huniletea lile shoka. Kwenye mpini kuna vibonyeo viwili siku hizi, kimoja nilichokichonga mimi kwa maneno ya mjane, na kingine, upande wa pili, kilichochongwa na kidole chake mwenyewe bila kisu. Mimi nanoa tu. Hata waya umeliwa na kutu upande mmoja, na sijaugusa.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu nakuona pale karibu na soko la Kikula na mashine yako ya umeme, cheche zinaruka, shoka la babu wa mtu linang'aa kwa dakika tano nawe unalipiga picha kwa simu. Sikatai mashine. Ila weka maji karibu, na chuma kikianza kubadilika rangi, simama. Hilo ni la chuma. La mtu ni hili: kabla hujarekebisha kitu cha zamani, uliza ni cha nani, na uliza anachokipenda ni kipi, maana mara nyingi ni palepale wewe unapoona aibu. Ukiombwa kunoa, noa. Na ukiunguza kilichokuwa cha mwenzako, usimwambie kwamba hakijaungua. Kitu ulichoharibu ni kimoja. Ukimfanya asiamini tena mkono wake mwenyewe, umemharibia vyote. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na hatua kumi na mbili na nilishindwa kuzipiga, mpaka ikabidi nitembee kutoka Kikula hadi Panda na kupiga magoti mbele ya watu.

Nenda sasa, jua limepanda na watu wanakusubiri. Mungu abariki tupa yako na jiwe lako. Akupe macho ya kuona mkono wa mtu kwenye mti mkuukuu. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, akupe miguu ya kumkimbilia mwenye kitu kabla hajafika mbali.